Picha Isingoje Msiba

Mhadhara kuhusu kuziweka kidijitali picha za zamani za Rungwe

Picha nyingi za zamani za wilaya hii ya Rungwe huingia kwenye kompyuta usiku wa msiba. Mtu amefariki mchana, maziko ni keshokutwa, na tayari kamati inahitaji wasifu wenye picha, bango la kuweka mbele ya jeneza, fulana za wajukuu, na slaidi za kupita kwenye televisheni iliyokodiwa pamoja na turubai na viti. Kijana anatumwa mjini Tukuyu na picha moja iliyochomolewa ukutani. Mhudumu wa steshenari anailaza kwenye skana, anakata uso, anafuta bega la jirani lililoingilia, anaweka nyuma yake mbingu ya buluu yenye mawingu, anachapa. Kazi ameifanya vizuri kwa muda aliopewa. Picha yenyewe hurudi nyumbani imekunjika, au hubaki dukani, au hulaminishwa kwa nia njema kabisa. Faili linabaki katika kompyuta ya duka mpaka siku kompyuta hiyo itakapofutwa. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba mashine zetu hazina kosa kubwa, na vijana wa steshenari nao hawana. Kosa ni tarehe. Tunaitoa picha kwenye fremu siku ile ile ambayo aliyeweza kuieleza ameacha kusema.

Sishangai kwamba imekuwa hivyo. Huku kwetu Unyakyusa msiba ni mkutano ambao hakuna harusi wala mkutano wa hadhara unaoufikia. Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi huku kati ya 1934 na 1938, muda mwingi akiwa na mkewe Monica, aliona jambo hilo zito kiasi cha kuliandikia peke yake, na maandishi yake juu ya desturi za maziko yakatoka mwaka 1939. Kila mwenye undugu hufika, na asiyefika huulizwa. Basi ni kawaida kwamba kitu cha kutazamwa na ukoo wote kiandaliwe kwa ajili ya siku ambayo ukoo wote upo. Msiba umekuwa mfadhili wa picha zetu: ndio unaotoa fedha, ndio unaopanga muda, ndio unaochagua ipi ichapwe na ipi iachwe. Lakini mfadhili huyu ana haraka, na anataka uso mmoja tu.

Tuutazame uso huo kwa rula. Chukua picha ya kawaida ya sentimita 9 kwa 13, watu kumi na wawili wamesimama mbele ya kanisa au ya nyumba mpya ya bati. Kichwa cha mtu mmoja humo kina upana wa milimita 6 hivi. Skana ya dukani mara nyingi imewekwa nukta 300 kwa inchi, na kwa kipimo hicho picha nzima inatoa pikseli kama 1,060 kwa 1,535. Televisheni ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Kwa hiyo picha nzima inapopita kwenye slaidi inapendeza, hakuna anayelalamika, na kila mtu anaamini kwamba imehifadhiwa. Hapo ndipo skrini inapotudanganya. Uso ule wa milimita 6 umepata pikseli 70 tu za upana. Ukiutanua uwe sentimita 15 kwenye bango la A3, kila pikseli inakuwa kipande cha zaidi ya milimita mbili, sawa na punje ya ulezi. Ndiyo maana mabango mengi ya misiba yana nyuso kama zilizofinyangwa kwa udongo mbichi. Skrini ndiyo mteja asiyedai kitu, karatasi ndiyo mteja mkali, na sisi tumezoea kumpimia yule asiyedai halafu tukaenda kwa mkali na kipimo kile kile.

Mtu atasema basi tupandishe nukta, tuweke 1,200. Inasaidia kidogo, kwa sababu karatasi ya picha yenyewe ina kikomo chake. Picha nyingi zilizosafishwa studio hazina undani wa maana kupita nukta 600 kwa inchi; ukizidisha hapo unakuza chembe za karatasi na vumbi. Undani zaidi uko kwenye negativu. Negativu ya mkanda wa kawaida ni ndogo, milimita 24 kwa 36, na watu wengi waliichukulia kuwa ganda la kutupwa baada ya picha kusafishwa. Lakini skana ya negativu ikiisoma kwa nukta 4,000 inatoa pikseli zaidi ya 5,600 kwa upande mrefu, na uso ule ule unapata pikseli 260 na ushee, nazo zimebeba nywele, makunyanzi na kishikizo cha shati. Mji Mkongwe wa Zanzibar una Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na sifa yake leo inatokana na jambo moja la kawaida sana: haikuzitupa picha na negativu zake. Studio za miji midogo ya bara hazikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Mteja alichukua picha zake, bahasha yenye vipande vya mkanda ikatiwa kabatini, kabati likauzwa. Mwenye bahasha ya namna hiyo nyumbani ajue kwamba ameshika picha mama, na zile za ukutani ni watoto wake.

Kuna mambo ya hewa ya hapa ambayo kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa ajili ya Dodoma kisingeyajua. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi isiyo na mvua nayo huleta ukungu kutoka mlimani. Uso wa picha umepakwa jelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa kuvu hicho ni chakula. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, kuvu huota. Picha iliyobanwa kwenye kioo cha fremu bila nafasi ya hewa hulainika na kugandana nacho, na anayeivuta kwa nguvu huacha paji la uso wa babu kwenye kioo. Isivutwe. Ipigwe ikiwa humo humo. Hapa aina ya skana ina maana: zile nyembamba zilizojaa madukani husoma vizuri kinachogusa kioo chake tu, na kitu kilichoinuka milimita mbili tatu kinatoka kimefifia; zile nene za kizamani zenye lenzi huona mbali kidogo, na zinaweza kusoma kupitia kioo cha fremu. Zisipopatikana, kamera juu ya stendi na taa mbili za pembeni, kila moja imeinama nyuzi 45 ili kioo kisimeremete, inatosha. Albamu zile za kurasa zenye gundi na karatasi ya nailoni, zilizokuwa fahari ya sebule, zinakula picha kwa nyuma taratibu. Na laminesheni, niseme wazi, ni adui mwenye sura ya rafiki: joto na gundi vyake havirudi nyuma, ukungu uliokuwa tayari ndani unafungiwa humo, na maandishi ya nyuma yaliyoandikwa kwa wino unaoenea yanapotea. Kitambulisho na kilaminishwe. Picha ya bibi isilaminishwe.

Nimetaja maandishi ya nyuma, na huko ndiko ninakotaka tukae. Picha ina pande mbili, na msiba unaskani upande mmoja. Ukiigeuza picha ya miaka ya 1960 unaweza kukuta muhuri wa studio, mwaka, mstari mmoja kwa kalamu ya bluu, pengine kwa Kinyakyusa, kwamba hii ni kumbukumbu kwa shangazi, na mara nyingine majina ya walioketi kuanzia kushoto. Upande wa mbele unatueleza watu walivaaje. Upande wa nyuma unatueleza walikuwa nani kwa nani. Kuuskani ni sekunde thelathini. Pasipo na maandishi, yupo mtu anayejua, na mtu huyo ana umri. Wala kuandika jina la ukoo hakutoshi. Rungwe nzima ni ya akina Mwa-. Ukiandika hilo tu umeandika kwamba mtu huyu alizaliwa Rungwe. Linatakiwa jina lake la kwanza, la baba yake, kijiji, na kama ni mama, ukoo alikotoka na alikoolewa, maana bila hivyo wanawake katika picha hubaki wake za fulani. Nani alipiga, tukio gani, mwaka gani au baada ya tukio gani. Dakika tano kwa picha moja.

Sasa nijibu wanaosema kwamba picha za zamani za Rungwe zimekwisha kuwekwa kidijitali, na bora kuliko tutakavyoweza sisi. Ni kweli kwa sehemu. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alipiga picha nyingi katika nchi ya Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, na kitabu chake kikubwa kilichapwa Berlin mwaka 1906. Wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na picha walizopiga zilikwenda Herrnhut, Ujerumani, ambako kanisa lao lina hifadhi ya nyaraka hadi leo. Sehemu ya picha hizo imo katika hazina ya picha za misioni inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, na kijana wa Kiwira mwenye intaneti anaweza kuzifungua sasa hivi. Zimeskaniwa vizuri kuliko bango lolote la msiba. Lakini soma maelezo yaliyo chini ya picha za namna hiyo: mmisionari ana jina na cheo, mkewe ana jina, na wengine mara nyingi ni mtu wa kabila fulani, wanafunzi, akina mama Wakristo, mpagazi. Picha imefika California ikiwa safi na bubu. Hifadhi ya mbali imeokoa karatasi. Majina haikuweza kuyaokoa kwa sababu hayakuandikwa wakati wenye nayo walipokuwa wamesimama mbele ya kamera. Anayetumia mfano huo kutuambia tusihangaike anatuonyesha hasa jambo la kuhangaikia.

Upo mfano wa upande wa pili. Monica Wilson alichapisha kitabu chake cha kwanza juu ya Wanyakyusa, Good Company, mwaka 1951, na kwa miongo mingi wasomaji walilijua jina lake na la mumewe. Mwaka 2013 kilitoka kitabu kingine kuhusu yeye na wakalimani wake, na humo Leonard Mwaisumo, aliyewasaidia akina Wilson katika kazi yao huku, akapata nafasi yake kama mtu aliyefikiri na kuandika, akaacha kuwa kivuli. Liliwezekana hilo kwa kuwa jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi zilizotunzwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Hata karatasi hizo si za kulala nazo usingizi: tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka Table Mountain uliteketeza ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger chuoni hapo, na maji ya kuzimia yakaingia kwenye vyumba vya chini vya nyaraka. Kwa hiyo nakala moja, hata ikiwa katika chuo kikubwa, haitoshi. Nakala tatu, moja ikiwa nyumba nyingine au mji mwingine, ndicho kiwango cha chini.

Pingamizi zito kuliko yote halitokani na utaalamu. Mzee akiombwa akae na picha zake, atoe majina, achague ile anayoipenda, atauliza, na ana haki ya kuuliza: mnaniandalia nini? Kuandaa picha ya mtu aliye hai kwa namna hiyo kunanuka uchuro. Sitalidharau hilo, kwa maana ni sisi wenyewe tuliolifundisha. Tumeishikamanisha picha kubwa na jeneza kwa miaka mingi kiasi kwamba anayeleta skana sebuleni anaonekana ametangulia kamati ya mazishi. Dawa yake ni kuipa kazi hiyo siku nyingine. Watoto na wajukuu wanarudi Tukuyu kutoka Dar es Salaam na Mbeya mwezi wa Desemba. Ipo kipaimara, ipo ubarikio, zipo jubilei za ndoa, zipo sikukuu za makanisa. Jimbo la Kusini la Moravian na Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zote zina mizizi yao hapa, zote zina kwaya zilizopiga picha kila ziliposafiri, na zote zina projekta. Slaidi za picha za kwaya ya mwaka 1974 zikioneshwa mbele ya waimbaji wake walio hai, watabishana wenyewe nani alikuwa sauti ya pili, na kijana mwenye simu atarekodi ubishi huo. Katika msiba watu hutazama slaidi wakiwa kimya. Katika sherehe hutazama wakinyoosha vidole. Tunachohitaji ni vile vidole.

Wapo wanaosema simu inatosha. Inatosha kuliko kutofanya, na simu nzuri iliyoshikwa sawa, picha ikiwa imelazwa kivulini karibu na dirisha, inatoa faili la heshima. Linalofuata ndilo tatizo. Picha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, inapunguzwa njiani, taarifa zake za tarehe zinafutwa, mtu mwingine anaichukua humo na kuituma tena, na baada ya miaka mitatu nakala pekee inayopatikana ni ile ndogo kabisa iliyozunguka zaidi. Itumwe kama dokumenti, na ile ya kwanza ikae mahali pengine. Gharama nayo si kubwa kama inavyodhaniwa. Picha ya sentimita 9 kwa 13 iliyoskaniwa kwa nukta 600, kwa rangi, bila kubanwa, ni megabaiti zisizofika 20. Flashi ya gigabaiti 16 inabeba picha kama 800, na nyumba zenye picha 800 ni chache. Ghali ni muda wa mtu anayejua, na huo hauuzwi steshenari.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazorudisha sura iliyofutika na kutia rangi picha nyeusi na nyeupe, nina ukali kidogo. Programu hiyo haijui macho ya babu yako yalikuwaje. Inayabuni kutokana na macho ya mamilioni ya watu wengine, kisha inayachora kwa ujasiri ambao mchoraji wa kijiweni asingekuwa nao. Kanga inapewa rangi ambayo hakuna aliyeivaa. Kwa fulana ya sherehe sina ugomvi, mradi faili lisilochezewa limehifadhiwa kando na lile lililopambwa limeandikwa kwamba limepambwa. Kwenye kumbukumbu ya ukoo, doa la ukungu lina ukweli zaidi. Na wanaohofia kwamba picha za familia zitaanikwa mitandaoni wana hoja. Tangu Mei 2023 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayotumika, lakini hata kabla ya sheria palikuwa na adabu. Kuskani ni jambo moja, kuchapisha kwa umma ni jingine, na la pili lina ruhusa yake.

Linabaki swali la wapi pa kuanzia, na hapa nitakwenda kinyume na wengi. Mtu akisikia picha za zamani hukimbilia zile za enzi ya Mjerumani. Hizo zingoje. Ni za fedha juu ya karatasi au kioo, zimedumu zaidi ya miaka mia, nakala zake nyingi ziko Ulaya, na wa kuzitolea majina hawapo tena. Za kuanza nazo ni za rangi, za miaka ya 1970 na 1980, ambazo hakuna anayeziita za kale. Rangi zake ni za kemikali. Hata ndani ya albamu gizani, ile ya samawati hutangulia kufifia, na ndiyo sababu migomba katika picha hizo imekuwa ya kahawia na nyuso zimekuwa nyekundu. Skana haiwezi kurudisha rangi iliyoondoka, inaweza tu kuchukua iliyobaki mwaka huu. Na waliomo bado wanapita sokoni Tukuyu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania, timu ya mji mdogo wa migomba na chai, na magazeti ya wakati huo yaliandika majina ya wachezaji. Hayakuandika majina ya waliosimama kando ya uwanja: mwalimu aliyeshona jezi iliyochanika, dereva wa lori lililobeba mashabiki, watoto waliopanda ukutani. Picha za mashabiki hao, zile za kusafishwa dukani kwa bahasha, zimo kwenye makabati ya mji huu zikiendelea kuwa nyekundu. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi juu ya ule ukuta sasa ana miaka karibu hamsini, anaona vizuri bila miwani, na anaweza kuwataja wenzake wote waliokuwa naye, kuanzia kushoto.